Shilingi 310 za mbegu

Nikisikia mhubiri akisema "panda mbegu", yaani toa pesa upate baraka, nakumbuka Novemba 2014. Runinga ya KTN ilipeperusha uchunguzi kuhusu mhubiri Victor Kanyari wa Nairobi: waumini waliombwa shilingi 310 ili waombewe, na maji ya kuwaosha miguu yaligeuka mekundu kama damu. Uchunguzi ule ulionyesha ni potasiamu pamanganeti tu, dawa ya bei ya chini ya dukani.

Mimi hainiumi ile rangi. Naumia kwa ajili ya waliolipa. Shangazi yangu ni mama mboga. Mwanawe alipougua, alimtumia mhubiri mwingine, wa redioni, pesa ya kununulia sukuma na nyanya za kesho yake. Mtoto hakupata nafuu. Akaambiwa imani yake ni haba! Yaani maombi yakishindwa, mwenye hatia ni mama aliyelala njaa. Huo ni ukatili, nami siwezi kuuita jina jingine.

Serikali ya Kenya ilijaribu kuwadhibiti wahubiri. Novemba ile ya 2014 Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya. Kanuni zilizopendekezwa mapema 2016, zilizotaka wahubiri wawe na masomo ya theolojia, zilipingwa hata na makanisa makubwa yenye heshima, zikasitishwa.

Mimi nasali na sadaka natoa. Kanisani kwetu mweka hazina husoma hesabu mbele ya wote, na yeyote huruhusiwa kuuliza. Mchungaji wako akikupa namba yake mwenyewe ya M-Pesa, mwombe risiti, tena mbele ya watu.