Wabunifu wakimya wapewe nafasi yao
Katika timu yetu ya usanifu wa michoro yuko mwenzetu asiyesema sana vikaoni, na kazi yake imetuvusha mara nyingi. Wiki hii, wakati sisi tukibishana kuhusu rangi ya nembo, yeye alirudi mezani kwake, akaichora upya kwa rangi nyeusi pekee, akaipunguza hadi ukubwa wa ukucha, ndipo ikaonekana wazi kwamba tatizo halikuwa rangi bali nafasi finyu kati ya herufi mbili, iliyozibika kila nembo ilipochapishwa kwa udogo. Jambo kama hilo halionekani penye kelele. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi yaliyofikiri kwa pamoja na watu waliofikiri kila mmoja peke yake, na mawazo ya hao wa peke yao, yalipojumlishwa, yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo nawaomba kwa moyo wote wanaoongoza kazi za ubunifu watoe maelezo ya kazi kwa maandishi siku moja kabla ya kikao, na michoro ya kila mtu itazamwe kwanza, kabla mwenye sauti kubwa hajaanza kuzungumza.