Pauni 18 za Kukunja Pindo

Jana nimelipa pauni 18 kupunguziwa suruali. Pindo tu jamani, miguu miwili, chini ya cherehani hata robo saa haikufika. Nyinyi mnaompelekea fundi wa barazani na bado mnamwambia apunguze, mtanielewa.

Nikatoka na hasira zangu, mvua inanyesha, nikaingia makumbusho ya Wallace Collection. Kuingia bure. Mnaokuja London lishikeni hilo, makumbusho mengi makubwa hapa hayatozi kiingilio. Ndani nikakutana na picha ndogo ya mchoraji Mholanzi Caspar Netscher, ya mwaka 1662. Mwanamke kaketi mbele ya ukuta mtupu, mto mapajani, anasuka lesi. Viatu kavivua, vimelala sakafuni, kuna na makombe ya kome, ufagio uko kando. Shingo kaiinamisha, macho yote kwenye kazi.

Nikamwona mama. Shingo ileile, usiku, vyombo vimeshaoshwa, anashona kofia ya vitobo, kitobo baada ya kitobo, miezi mitatu mpaka minne kofia moja. Mnunuzi akija anaigeuzageuza akitafuta kasoro ili ashushe bei. Na sisi watoto tukiulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, tulijibu: yuko nyumbani tu. Wallahi jibu hilo linaniuma hadi leo.

Waholanzi wa karne ile walipenda kuchora wanawake wa namna hii. Nicolaes Maes alimchora wake karibu mwaka 1656, Vermeer naye akaja na wake, yuko makumbusho ya Louvre, Paris. Sindano na uzi vilikuwa alama ya mke mwema, aliyetulia kwake. Mimi naona ni kazi, na mtu kachoka. Mchoraji Mwingereza Richard Redgrave alilisema wazi kwa picha yake ya mwaka 1846: mshonaji wa mashati hapahapa London, peke yake chumbani, saa inaonyesha nane na nusu usiku, kainua macho juu.

Mnaotaka kuja, jifunzeni cherehani kwanza. Msidharau. Huku ufundi wa mkono una karatasi ya bei ukutani na hakuna anayebishana nayo.

Kaka kaniandikia kwamba rafiki yake anataka kofia kwa mama, afanyiwe bei ya nyumbani. Nimemjibu bei hiyo haipo tena.