Maji Yaliyotokea Upande wa Pili

Shangazi aliinua ile chupa laini hadi usawa wa taa, akaitikisa taratibu, akangoja chembe za mwisho za chumvi ziyeyuke. "Haya, inama," akaniambia. Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki, taulo begani, moyo unanidunda. Mara ya mwisho nilipotia maji puani niliapa sitarudia tena maishani.

Yalianza kama mafua ya kawaida tu. Homa ikaja ikaondoka, kikohozi kikaisha, wote tuliougua pamoja nyumbani wakapona, ila pua yangu ikabaki imefungwa. Wiki zikapita, miezi ikaingia. Uso ulikuwa mzito chini ya macho, na nikiinama kufunga kamba za viatu nilihisi kama jiwe linaviringika kutoka mashavuni kuja kwenye paji la uso. Usiku nililala mdomo wazi, nikaamka ulimi umekauka. Kamasi nzito zilinishukia kooni mchana kutwa. Lakini kilichoniuma kuliko maumivu yenyewe ni kwamba nilikuwa sisikii harufu. Nilikuwa nikimpakata mtoto mchanga wa dada yangu na kumnusa utosini, kama nilivyozoea tangu azaliwe, napata hewa tupu.

Daktari aliniambia ni sainasi, yaani uvimbe wa mashimo ya hewa yanayozunguka pua, na kwamba ikizidi wiki 12 huhesabiwa kuwa ni sugu. Akaniandikia dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, na chini yake mstari mmoja: kusuuza pua kwa maji ya chumvi, mara mbili kwa siku. Hakunionesha namna, nami sikuuliza. Nikanunua chupa, nikaijaza maji baridi ya bomba, nikatupia chumvi kidogo kwa kukisia, nikarudisha kichwa nyuma kama mtu anayetaka kusukutua koo, nikaminya.

Ule mchomo sitausahau. Ulipanda hadi nyuma ya macho, maji yakaporomoka kooni, nikapaliwa. Kwa kiherehere cha kuyatoa nikabana pua kwa vidole na kupenga kwa nguvu zote, sikio la kushoto likaziba papo hapo na kubaki hivyo siku mbili. Chupa nikaisukumia mwisho wa droo. Ikakaa humo karibu mwezi.

Shangazi alipokuja kututembelea ndipo mambo yalipobadilika. Alifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa katika wodi ya masikio, pua na koo, na hata baada ya kustaafu haoni mgonjwa akakaa kimya. Jioni ile ya kwanza tulikuwa tumekaa tu tunazungumza. Akanyamaza, akanisikiliza navyopumua.

"Mwanangu, unapumua kama mtu aliyetua gunia sasa hivi. Tangu lini?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile siku ya mchomo. Hakucheka. Aliniuliza mambo matatu tu: ulitumia maji gani, chumvi ulipima kiasi gani, kichwa ulikiwekaje. Nikajibu moja baada ya jingine, naye kwa kila jibu anatikisa kichwa. Kisha akainuka, akaenda kutafuta sufuria.

Nilidhani ataanza na chumvi, maana hiyo ndiyo niliyoamini kuwa dawa. Yeye alianza na maji, akayachukulia kwa uzito ambao wakati huo niliuona umezidi. Yalipoanza kutokota aliangalia saa. "Yakishachemka kweli kweli, mapovu yanapanda, unahesabu dakika moja nzima. Ukiwa mahali pa juu sana, mita 2,000 kwenda juu, unahesabu tatu." Akazima moto, akafunika mfuniko. "Hapo yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kuongeza ya bomba, utakuwa umeharibu kazi yote."

Nikamuuliza, kwani maji ya bomba tunayokunywa kila siku yana kosa gani?

Akavuta kiti, akaketi. Akanieleza habari ya Louisiana, Marekani. Mwaka 2011 watu wawili huko walikufa baada ya kusuuza pua kwa maji ya bomba. Maji hayo yalikuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, kiumbe kisichoonekana kwa macho, kinachopenda maji yasiyo ya chumvi, hasa yakipata joto. Ukimeza maji yenye amiba huyo hakudhuru. Akiingia puani, hufuata mshipa wa fahamu unaopeleka harufu kwenye ubongo, na akishafika huko ni wachache mno wanaopona. "Ni jambo la nadra sana," shangazi akasema, akaniwekea mkono gotini alipoona nimenyong'onyea. "Sikutishi uache kusuuza. Nakwambia kwa sababu kinga yake ni sufuria na dakika moja. Au ununue maji yaliyosafishwa kwa kukenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, kama huna nafasi ya kuchemsha."

Niliikumbuka ile chupa yangu ya kwanza na maji ya bomba, nikasikia baridi mgongoni. Ningependa kila anayeandikiwa mstari ule kwenye karatasi aambiwe habari hii kabla hajatoka mlangoni.

Wakati maji yanapoa alikuja kwenye chumvi. Akachagua chumvi isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia isigande, kwa kuwa nyongeza hizo huweza kuwasha ndani ya pua. Kwa lita moja ya maji alipima kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, akikisawazisha kwa mgongo wa kisu, akaongeza nusu kijiko cha baikaboneti ya soda. "Baikaboneti, si magadi," akasisitiza. "Magadi ni makali, yatakuunguza."

"Kwa nini upime hivyo, shangazi? Si chumvi ni chumvi?"

"Umewahi kulia?"

"Nimewahi."

"Machozi yalikuchoma macho?"

Nikasema hapana.

"Na ukifumbua macho ndani ya ndoo ya maji safi?"

Yanawasha, nikasema. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Machozi yana chumvi inayokaribiana na ya damu, akanifafanulia, gramu 9 hivi katika lita moja. Maji matupu yakigusa ngozi laini ya ndani ya pua, seli huyanywa na kuvimba, na huo ndio mchomo. Chumvi ikizidi nayo hunyonya maji kutoka kwenye seli, ikawasha vilevile. Ikilingana, mwili hauoni mgeni ameingia. Nilikuwa nimejilaumu mwezi mzima kwamba pua yangu ni dhaifu, kumbe nilikosea kipimo.

Tukangoja. Akanichorea uso kwa kidole juu ya meza: mashimo ya hewa mashavuni, mengine juu ya nyusi, mengine katikati ya macho, na jozi ya nne ndani kabisa, nyuma ya pua. Kila shimo lina mlango mdogo unaofungukia puani. Kote humo kumetandikwa vinyweleo visivyoonekana, vinapiga mara kumi na zaidi kwa sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja, vinasukuma kamasi na vumbi lililonaswa kuelekea kooni. Akavionesha kwa vidole vyake kumi, akivipepesa juu ya meza kama nyasi zinazopigwa na upepo. Kamasi ikiwa nzito sana vinyweleo vinakwama. Milango ikivimba, kilichomo ndani hakitoki. "Maji haya hayaendi kuua kitu," akasema. "Wala hayafiki mbali sana ndani ya mashimo. Yanaosha njia na milangoni, yanalainisha kamasi, halafu vinyweleo vyako vinarudi kazini. Kwa hiyo usitegemee muujiza wa siku moja."

Alidondosha maji kwenye kifundo cha mkono wake kama anayepima maziwa ya mtoto. Vuguvugu. Akamimina kwenye chupa.

"Haya, inama."

Nikainama juu ya sinki. Akanishika kisogo, akanigeuza uso upande, shavu la kulia likaangalia chini. "Usirudishe kichwa nyuma kabisa. Mdomo wazi. Pumua kwa mdomo tu. Sema aaaa, usiache, maji hayatashuka kooni." Akaniweka ncha ya chupa kwenye tundu la juu, la kushoto, akanipa nishike mwenyewe. "Minya polepole. Usilazimishe."

Nikaanza kusema aaaa kwa sauti inayotetemeka, nikaminya.

Nilisubiri mchomo. Haukuja. Nilisikia uvuguvugu ukipanda, umejaa, kama mtu anaujaza mtungi, kisha kitu fulani nyuma ya pua kikaachia. Kwanza lilidondoka tone moja kutoka tundu la chini, halafu matone mawili matatu, halafu uzi mwembamba wa maji ukaanza kutiririka kutoka upande wa pili, unang'aa chini ya taa, unaingia kwenye sinki. Nilitoa macho. Ndani ya ule uzi zikaja kamasi, nyuzi ndefu za njano, na mwisho gamba gumu lenye ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, likagonga sinki nikalisikia. Nililitazama siamini kwamba nilikuwa natembea nalo.

"Limetoka?" shangazi akauliza nyuma yangu.

Sikuweza kujibu, nilikuwa bado nasema aaaa.

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi, maji yakasita, nami nikataka kuminya kwa nguvu. Akanizuia mkono. Pua ikiwa imeziba kabisa hailazimishwi, alisema, wala mtu mwenye sikio linalouma au kutoa usaha hasuuzi mpaka amwone daktari. Nikapumzika kidogo, nikajaribu tena, yakapita. Kisha akanifundisha kupenga bila kubana: matundu yote mawili wazi, kwa upole, kichwa kikiwa bado kimeinama, ili maji yasisukumwe kwenye njia ya masikio. Dawa ya kupuliza ikafuata baadaye, njia ikiwa safi. Nilikuwa nimeipuliza wiki nzima nne juu ya ukoko.

Chupa aliiosha kwa sabuni, akaisuuza kwa maji yaliyobaki ya kuchemsha, akaiacha kichwa chini ikauke yenyewe.

Saa moja hivi baadaye niliinama kuokota kandambili, maji yakanitoka puani ghafla yakadondokea mguuni. Nikashtuka nikamwita. "Yalikuwa yamejificha kwenye kona," akasema bila hata kuinuka. "Ndiyo kawaida yake."

Usiku huo nilipumua kwa tundu moja, la kushoto. Ni tundu moja tu, lakini nililala mdomo umefungwa mpaka alfajiri.

Tukaendelea asubuhi na jioni. Siku ya pili na ya tatu sikuona tofauti kubwa na nikaanza kukata tamaa. Yeye akawa anakuja kusimama mlangoni kila nikisuuza, hasemi kitu, anaangalia tu kichwa changu kimeinama vizuri au la. Uzito wa mashavuni ukaanza kupungua wiki ya pili. Ilikuwa siku ya kumi na sita, nimemaliza kusuuza, nimezika uso kwenye taulo, nilipohisi kitu. Nikaliondoa taulo usoni, nikalirudisha. Nikavuta pumzi ndefu. Ilikuwa sabuni, ile sabuni tunayofulia kila siku, imo kwenye nyuzi za taulo. Nikatoka nalo mikononi hadi chumbani kwa dada, nikainama kwenye kitanda cha mtoto aliyekuwa amelala, nikamnusa utosini. Maziwa, jasho kidogo, na ile harufu nyingine isiyo na jina.

Nilimpigia shangazi simu, kwa kuwa alikuwa ameshaondoka. Machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia nasikia harufu.

Akashukuru Mungu mara tatu. Kisha akaniuliza kama maji ya jioni nimeshayachemsha.