Kliniki leo asubuhi

Nimetoka kliniki na mwanangu sasa hivi. Ametimiza miezi tisa, leo ilikuwa zamu ya chanjo ya surua na rubela.

Nina duka la vipodozi Kariakoo. Riziki yangu inatoka sokoni, na sina ugomvi na mtu anayetafuta faida.

Lakini pale kwenye benchi nilikaa na dada anayekaanga mihogo, na pembeni yetu mama mmoja aliyeshuka kwenye gari lake. Watoto wetu wote walivuliwa nguo, wakavalishwa ile kaptura ya kitambaa, wakaning'inizwa kwenye mzani uleule.

Wa muuza mihogo aliwazidi wote uzito! Nesi akaweka nukta kwenye kadi. Mama yake akaishika, akawa anazifuata zile nukta kwa kidole, moja baada ya nyingine, tangu mtoto azaliwe.

Hakuna aliyetoa hata shilingi.

Kuna watu wanasema huduma za bure ni kuwabeba wavivu. Jamani, yule dada akinunua sabuni dukani analipa VAT asilimia 18 kama mimi. Amechangia.

Na surua inasambaa kwa hewa, haiulizi mtoto ni wa nani. Tukisema kila mzazi anunue chanjo kwa uwezo wake, wa kwangu atacheza na nani mtaani?

Kodi ya kazi hii naitoa kwa moyo mmoja.

Wenzangu, huko kwenu kliniki ikoje? Chanjo mnazikuta, au mnaambiwa rudi wiki ijayo? Niambieni hapa chini.