Aptama Iliyogoma Kwenye Mate

Kwenye bafa safi, yaani maji ya maabara yenye chumvi na kiwango tulivu cha asidi, aptama yangu ilinasa MMP-8 vizuri kabisa. Kwenye mate, ikapotea njia. MMP-8 ni kimeng'enya kinachovunja kolajeni, protini inayoshikilia ufizi. Ufizi ukivimba, kiasi chake hupanda kwenye mate, ndiyo maana nilitaka kukipima.

Aptama ni uzi mfupi wa DNA unaojikunja ukashika protini fulani. Mbinu ya kuzichagua ilichapishwa mwaka 1990. Yangu niliipachika pete za benzili, vipande vya kaboni vinavyokimbia maji, kwa sababu DNA tupu hupenda maji ilhali protini ina sehemu zinazoyakimbia. Ili ijikunje vizuri, unaipasha hadi nyuzi 95, kisha inapoa taratibu. Hapa Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji ya sufuria huchemka kwenye 94. Mashine ya kupashia ikiwa na foleni natumia sufuria, na haijawahi kuniangusha.

Kilichonitesa ni kuyapata mate yenyewe. Watu wamezoea kuombwa makohozi ya kupima kifua kikuu, kwa hiyo ukimpa mtu kikopo, anakohoa. Mama mmoja nilimwamkia, nikamwomba ainame mate yadondoke yenyewe. Akanitazama: "Mwanangu, mtu mzima mimi nitoe udenda?" Ndiyo mama, udenda hasa. Tangu siku hiyo naomba udenda, na makohozi yamekoma.

Mate nayo yakagoma. Nilitia MMP-8 ya kiasi ninachokijua, nikasoma chini ya nusu; mate ya kijana mwenye ufizi mzima yakatoa ishara kubwa. Wiki nzima nikavilaumu vimeng'enya vinavyokata DNA. Kumbe laisozaimu, kimeng'enya cha mate kinachoua bakteria, ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, zinavutana. Na zile pete nilizojivunia zinanata kwenye ute!

Nikagandisha mate usiku, nikayayeyusha asubuhi, nikayazungusha kwenye sentrifuji ute ukatuama chini. Maji ya juu niliyazimua mara 10 kwa bafa yenye magnesiamu, maana aptama ilichaguliwa penye magnesiamu na mate yanayo kidogo. Mwisho nikatia deksitrani salfeti, mnyororo wa sukari wenye chaji hasi kama DNA: laisozaimu ikang'ang'ania chambo hicho, aptama ikabaki na MMP-8 yake. Vipimo vikatulia.

Sasa hivi nagombana na miswaki. Mtu akipiga mswaki dakika chache kabla ya kuja, ufizi ukachuruzika damu, kikopo hicho namwaga, namwomba arudi kesho.