Msimu niliokuwa macho ya Baba

Kaunta buku hii niliinunua Septemba 2019 kwa ajili ya hesabu za mchezo wetu wa kina mama wa kupeana fedha, pale mtaani, Chang'ombe ya Dodoma. Kurasa nne za mwanzo ni majina, tarehe na nani kapokea. Kuanzia ukurasa wa tano ni mpira mtupu. Mwandiko ni wangu, maneno ni ya Baba.

Baba alikulia Kongwa, na macho yake yaliliwa na trakoma kama ya wazee wengi wa huku kwetu. Kope ziligeukia ndani, zikawa zinakwangua jicho miaka na miaka kabla hajafanyiwa upasuaji. Sasa anaona mwanga na vivuli. Ukipita mbele yake anajua kuna mtu kapita, ila hajui ni nani mpaka umsalimie. Lakini masikio yake ni ya mtu aliyefanya kazi kwenye njia ya reli maisha yake yote. Zamani alikuwa akiniambia, "Mama, treni inakuja," sisi wengine tukiwa hatujasikia chochote, na kweli baada ya dakika kadhaa inatokea. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Aliyekuwa akimpeleka uwanjani ni kaka yangu. Mwaka ule kaka akapata kazi Dar es Salaam, akahama na familia yake. Jumamosi ya kwanza Baba alivaa koti lake, akachukua fimbo, akakaa kwenye kiti cha barazani bila kusema neno. Saa nane ikapita. Mama akaniangalia. Nikaenda kuvaa viatu.

Timu ilikuwa bado inaitwa Dodoma FC. Ni hii hii ya Halmashauri, Walima Zabibu, ambayo leo mnaiita Dodoma Jiji. Mji ulikuwa umetangazwa kuwa jiji tangu Aprili 2018, Bunge lipo, wizara zimehamia Mtumba, ila kwenye Ligi Kuu tulikuwa hatuna timu. Mwaka 2019 waliopanda walikuwa Polisi Tanzania na Namungo. Sisi tukabaki daraja la kwanza, ligi iliyo chini yake. Na daraja la kwanza la wakati ule halikuwa na huruma: timu 24, makundi mawili, na anayeongoza kundi ndiye anayepanda moja kwa moja. Ukishika nafasi ya pili au ya tatu unaingia kwenye mechi za mchujo, na mwisho wa mchujo unakutana na timu ya Ligi Kuu inayopigania isishuke. Baba alikuwa akisema nafasi ya pili ni kama kukosa treni ya abiria ukaambiwa udandie ya mizigo.

Siku ya kwanza nilimtangazia vibaya sana. Tulikaa majukwaa ya mzunguko, upande wenye kivuli, watu wachache, kila mtu na nafasi yake ya kunyoosha miguu. Nikawa namwambia, "Wetu anao. Kampa mwenzake. Mwenzake kapoteza." Baada ya kama dakika kumi akanishika mkono. "Mama, mwenzake nani? Ana namba mgongoni. Yuko upande gani? Kageukia wapi?" Nikaanza upya. Namba nane, katikati, mgongo umeelekea goli letu. Namba mbili, pembeni karibu na kibendera, hana mtu wa kumkaba. Kufika kipindi cha pili nikagundua kwamba ninauona mpira kwa mara ya kwanza maishani, maana usipomjua mtu anayekaa bila mpira huwezi kumsimulia mtu asiyeona kwa nini mwenye mpira kapiga pasi kule.

Baada ya mechi tatu nne nikagundua jambo jingine: Baba hakunihitaji kama nilivyodhani.

Uwanja wa Jamhuri ukiwa na watu wachache unasema kila kitu. Mpira uliopigwa kwa ndani ya mguu una mlio mmoja, uliopigwa kwa kidole una mlio mwingine, na ule wa kuondosha hatari unalia kama mtu kapiga gunia la mahindi. Kipa akiita "Wangu!" unamsikia mpaka juu. Mabeki wakianza kugombana unayasikia majina. Benchi likiinuka, unajua. Baba alikuwa anainamisha kichwa, mikono miwili juu ya fimbo, halafu ghafla anasema, "Beki wetu wa kushoto kachoka." Ninaangalia, kweli, kijana ameinama kashika magoti. "Umejuaje, Baba?" Akasema, "Huko kushoto wanakimbia watu wawili, na mmoja anachelewa."

Tukifika nyumbani ndipo ananiandikisha. Sio matokeo tu. Anataka hali ya hewa, nani alipiga kelele sana, watu walikuwa kama wangapi kwa kukadiria, na refa aliwahi au alichelewa kupuliza. Kuna ukurasa mmoja, wa kipindi cha mvua, umeandikwa hivi tu: "Maji yamesimama langoni upande wa chini. Mpira hauruki. Aliyejua hilo mapema ni namba kumi na moja peke yake." Karatasi imejikunja pembeni kwa sababu daftari nilikuwa nimeliweka chini ya kitenge na mvua ikanikuta njiani.

Mechi za ugenini zilikuwa mateso. Hazikuwa kwenye televisheni. Kulikuwa na kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akisafiri na mashabiki, analala kwenye basi, anakula mkate na soda, na kazi yake ilikuwa kututumia sauti kwenye WhatsApp. Mtandao ukikubali zinaingia sita kwa mpigo, ukikataa tunakaa. Baba alinitaka nizicheze kwa mpangilio, niiweke simu juu ya stuli, na mtu asiongee. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno ya yule kijana. Baba alikuwa anasikiliza vilivyo nyuma yake. Siku moja kijana ameanza tu, "Jamani huku hali ni...," Baba akasema, "Tumefungwa." Nikamwambia subiri kwanza amalize. Akasema, "Nyuma yake watu wanaimba, na wanaimba kwa raha. Sisi tuliokwenda kule hatufiki ishirini."

Tukafika Machi 2020. Tarehe 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kesho yake serikali ikasimamisha shule na mikusanyiko, na ligi zote zikafungwa. Tulikuwa katikati ya mbio zenyewe. Ninaukumbuka mwezi wa nne kwa Baba kukaa barazani na koti lake kila Jumamosi mchana, bila fimbo. Fimbo ilibaki ndani. Nilimsomea kaunta buku nzima tangu ukurasa wa tano, nikimaliza ananiambia nirudi ule wa mvua.

Mei likatoka tangazo kwamba michezo itarudi Juni mosi. Kabla hatujafurahi tukasikia kwamba mechi zilizobaki za madaraja ya chini zitachezewa Mwanza, Ligi Kuu Dar es Salaam. Sikulala vizuri siku hiyo. Najua walikuwa na sababu zao, ugonjwa ulikuwa ugonjwa, lakini nilifikiria timu yetu ikamalize safari mbali, sisi tumebaki na simu juu ya stuli. Baadaye utaratibu ukabadilishwa, ikarudi nyumbani na ugenini kama kawaida. Baba alipoambiwa hakusema kitu. Aliomba fimbo yake.

Mnaoishi Dodoma mnaujua upepo wa Juni na Julai. Unatoka mashariki, mkavu, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Uwanjani upepo ule ni mchezaji. Ukicheza nao kipindi kimoja, ukipiga mpira mrefu unatoka nje bila mtu kuugusa, na ukicheza dhidi yake kipa wako anapiga mpira unarudi kama umemsahau mtu. Wachezaji wetu walikuwa wameujua. Mechi za mwisho za Jamhuri niliwaona wanaucheza chini, pasi fupi fupi, wanasubiri kipindi chao. Wageni walikuwa wanapiga juu, wanashangaa. Baba aliniandikisha sentensi ambayo nimeipigia mstari kwa wino mwekundu: "Wenyeji wa uwanja ni wanaoujua upepo wake."

Kuhusu siku yenyewe ya kupanda sina mengi. Ilikuwa Julai, mji umefurika wageni wa mkutano mkuu wa CCM, gesti zimejaa, na katikati ya pilikapilika hizo timu ikaongoza kundi na kocha Mbwana Makata akatupandisha. Honi za bodaboda zililia mpaka usiku. Mama alipika wali. Nilitegemea Baba atalia, hakulia. Aliuliza Ihefu wamefikia wapi.

Nilimwelewa baadaye. Ihefu walikuwa kundi letu, ndio waliokuwa nyuma yetu, na ndio walioingia kwenye ile treni ya mizigo. Wakaidandia mpaka mwisho, wakawatoa Mbao wa Ligi Kuu kwa faida ya mabao ya ugenini, yaani jumla ya mabao ililingana ila wao walifunga mengi zaidi ugenini, wakapanda. Baba alifurahi kweli. Alisema waliotusukuma mpaka tukakimbia vile hawakustahili kubaki chini. Gwambina wa Misungwi walikuwa wamepanda kutoka kundi la pili.

Ila mwaka huo huo Singida United walishuka. Hilo lilimuuma. Baba alifanya kazi miaka kadhaa kwenye ile reli inayochepuka Manyoni kwenda Singida, anaujua mji, ana watu wake kule. Singida waliingia Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, mwaka uliofuata wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Mtibwa, na miaka mitatu baada ya kupanda hawapo. "Mama," aliniambia, "kanda ya kati haijaongeza kiti. Tumekaa pale alipoinuka jirani." Hayo nayo yamo kwenye daftari, ukurasa wa mwisho wa msimu.

Septemba 2020 tukaenda Jamhuri kwa mechi ya kwanza ya Ligi Kuu, dhidi ya Mwadui. Tulifika mapema tukakuta watu wametuwahi. Vuvuzela, ngoma, watu wamesimama mbele yetu. Nikaanza kutangaza kama kawaida, namba sita, katikati, kageuka. Baba akanisogelea. "Sema kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu. "Bado." Ikabidi niweke mdomo sikioni kwake. Mlio wa mpira haukufika kabisa, wala sauti ya kipa, wala miguu ya upande wa kushoto. Tulishinda 1-0, na alilijua bao kwa sababu saruji tuliyokalia ilitetemeka. Njiani kurudi nilimuuliza kama amechoka. Akasema hapana, ila kipindi cha kwanza chote hakujua mpira uko wapi.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu msimu ule ukiutafuta mtandaoni utakuta msimamo na matokeo basi. Na wale vijana walicheza kwa bidii kubwa mbele ya watu wachache sana. Mmoja wa hao wachache hakuwaona hata mara moja, lakini alimjua kila mmoja kwa mwendo wake.

Februari 2021 Simba walikuja Jamhuri. Uwanja ulijaa, na nusu kubwa walikuwa wamevaa nyekundu, majirani zetu wa mtaani wakiwemo, watu waliozaliwa hapa hapa. Tulifungwa 2-1. Tulikuwa tumebanwa kiasi kwamba nilishindwa hata kuinua mkono, na koo lilikuwa limekauka kwa kupiga kelele sikioni kwa Baba. Tulipofunga bao letu sikuwahi kumwambia. Alikuwa ameshaniminya kiganja.

"Hili letu," alisema. "Kelele zake ndogo."