Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni Ruaha wakati mto umesimama

Mwishoni mwa Oktoba joto la bonde la Ruaha haliondoki hata usiku, kwa hiyo saa 10:30 alfajiri, nilipotoka kukagua gari hapa kijijini Tungamalenga, hewa ilikuwa bado na uvuguvugu na vumbi la jana. Mimi ni dereva na muongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, na kila safari yangu huanza kwa tochi chini ya boneti: maji ya rejeta, oili, upepo wa magurudumu yote pamoja na la akiba, jeki, kisha madumu ya maji ya kunywa. Ndani ya hifadhi mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na msaada unaweza kuchukua saa kadhaa kufika, kwa hiyo siondoki na gurudumu la akiba lisilo na upepo hata kama wageni wamekwisha kuketi.

Wageni wa siku hiyo walikuwa mume na mke, walimu wastaafu kutoka Nagpur, mji wa India ya kati ulio karibu na hifadhi kadhaa za chui milia. Mume nilimwita Mzee na mkewe nikamwita Mama, kama tunavyowaita watu wa rika lao hapa kwetu, nao waliyapenda majina hayo. Kwa kuwa hawali nyama, mpishi alikuwa amewafungia chapati, maharage, viazi vya kuchemsha na ndizi mbivu. Saa 11:15 tuliondoka, ili tuwe langoni milango itakapofunguliwa saa 12:00.

Baada ya taratibu za langoni tulifika daraja la Ibuguziwa, mahali ambapo kila mgeni anayeingia kwa njia hii hukutana na Mto Ruaha Mkuu kwa mara ya kwanza. Nilizima gari na kuwaacha watazame. Chini ya daraja palikuwa na mchanga mweupe, miamba iliyong'aa kwa kusuguliwa na mafuriko ya miaka mingi, na madimbwi machache ya maji ya kijani ambamo viboko walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo. Maji hayakuwa yakitembea. Mama aliniuliza kwa upole kama hapa ndipo mto wenyewe, au kama mto mkubwa uko mbele.

Nilimjibu kwamba ndio huu. Huu ndio mto unaoibeba hifadhi nzima, kwa sababu upande huu wa Ruaha mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi inayobaki tembo, nyati, twiga na swala hutegemea kile ambacho mto umebakiza. Wazee wa Idodi na Pawaga wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka kabisa sehemu hii kwa mara ya kwanza kukumbukwa, na tangu hapo umekuwa ukisimama kila kiangazi, kwa majuma au hata kwa miezi. Sijazoea kuuona hivyo, na sitaki kuzoea.

Tulifuata barabara ya kando ya mto kuelekea korongo la Mwagusi. Mzee aliniuliza ninawezaje kuona wanyama mahali ambapo yeye anaona vichaka tu, na jibu langu lilimfurahisha kwa sababu ni lile analolijua kutoka kwao. Katika Hifadhi ya Kanha, ambayo ilikuwa miongoni mwa tisa za kwanza za Mradi wa Chui Milia ulioanzishwa na serikali ya India mwaka 1973, muongozaji hategemei jicho peke yake. Huzima gari na kusikiliza swala wenye madoa na kima wakubwa wa kijivu, ambao hutoa sauti ya tahadhari wanapomwona chui milia akipita ndani ya msitu. Sisi pia tunafanya hivyo. Swala pala hukoroma kwa pua, nyani hubweka kutoka juu ya miti, kanga hupiga kelele zisizokoma, na tandala, ambaye kwa kawaida ni mkimya kabisa, hutoa mbweko mmoja mzito unaosikika mbali. Kelele za kanga huweza kuwa za bure, lakini mbweko wa tandala siupuuzi hata siku moja.

Ulisikika saa 1:40. Tandala mkubwa dume, mwenye pembe za kuzunguka, alikuwa amesimama ukingoni mwa Mwagusi akitazama sehemu moja tu, masikio mbele, na tandala wote waliokuwa nyuma yake walikuwa wameelekeza nyuso huko huko. Nilisogeza gari polepole bila kutoka barabarani, na kwa darubini tukawaona simba majike wanne wamelala kwenye kivuli cha ukingo, hatua chache kutoka mahali penye unyevu mchangani. Ruaha na mapori jirani yake ni makazi ya moja ya jamii kubwa za simba zilizosalia Afrika, na wakati wa kiangazi simba hawa hawahangaiki kuzunguka nyika nzima, kwani wanajua kwamba kila mnyama lazima aje kunywa. Hapa wamebobea katika kuwinda nyati, kazi ambayo huhitaji kundi na huweza kumgharimu simba maisha. Asubuhi hiyo hawakuwinda. Walikuwa wamekwisha kuonekana, na simba aliyeonekana na tandala hupoteza nafasi yake. Tulikaa nao karibu saa nzima, kisha nikaomba tuendelee, maana nilitaka wageni wangu wawaone tembo kabla jua halijawa kali.

Kuanzia saa 3:30 hadi karibu saa 5:00 tulikuwa kwenye mchanga wa Mwagusi, na kama ningeruhusiwa kumwonyesha mgeni kitu kimoja tu katika hifadhi hii, ningemleta hapa katika mwezi huu. Mwagusi ni korongo la mchanga linalojaa maji wakati wa mvua na kuonekana kavu kabisa wakati wa kiangazi, lakini maji yamo chini, nayo huchujwa na mchanga hadi kuwa safi kuliko yale ya madimbwi ya viboko. Tembo jike mkubwa, kiongozi wa familia, alinusa mchanga kwa mkonga huku akitembea, akasimama mahali palipofanana na pengine pote machoni pangu, akaanza kuchimba. Alikwangua kwa mguu wa mbele, akatoa mchanga kwa mkonga, akakwangua tena, mpaka shimo likazidi urefu wa sehemu kubwa ya mkonga wake. Maji ya kwanza yalikuwa na tope, akayamwaga pembeni. Kisha akangoja. Ndama wake alijaribu kuingiza kichwa chote shimoni akasukumwa taratibu, na maji yalipotulia mama yake ndipo alipoanza kunywa, kidogo kidogo, kwa sababu shimo hujaa polepole.

Familia hiyo ilipoondoka hatukuondoka nayo, na hili huwasihi wageni wote: msifuate tembo, kaeni na shimo. Katika muda mfupi walikuja nyani, kisha ngiri waliopiga magoti, kisha kanga, na hondohondo wa mdomo mwekundu wa Ruaha, ndege anayepatikana Tanzania peke yake. Wote hao hawana uwezo wa kufika kwenye maji yaliyo chini kiasi hicho. Katika miaka ya ujangili mkubwa, kabla ya 2015, tulipoteza tembo wengi sana katika mapori ya Ruaha na Rungwa, na watu walizungumza zaidi kuhusu pembe. Mimi nilikuwa nikifikiria visima ambavyo havingechimbwa, kwa sababu jike mzee anapouawa huondoka na ujuzi wa mahali maji yalipo, na vijana waliobaki hulazimika kutafuta upya.

Chakula cha mchana tulikula Msembe, makao makuu ya hifadhi, chini ya mkababu, mgunga mkubwa wa kando ya mto ambao huota majani kiangazi na kuyapukutisha wakati wa mvua, hivyo ukatupa kivuli wakati miti mingine ilikuwa imebaki matawi. Tembo hupenda matunda yake sana. Kwenye mteremko ulio ng'ambo tuliona mibuyu iliyochubuliwa magome hadi juu, kwani tembo huutafuna mti huu kwa ajili ya maji yaliyomo ndani ya nyuzi zake. Mbuyu huweza kuota gome jipya, lakini ukirudiwa kila kiangazi kwa miaka mingi huanguka.

Saa 8:00 hadi saa 9:30 joto lilikuwa kali na wanyama walikuwa wamejificha. Tulipanda kuelekea msitu wa miombo, mbung'o wakatuandama, na Mama akajifunga kanga kichwani hadi machoni. Faida ya kuvumilia ni kwamba Ruaha ni mahali ambapo uoto wa kusini mwa Afrika na ule wa mashariki hukutana, hivyo ndani ya hifadhi moja huweza kukutwa tandala mdogo wa vichaka vikavu pamoja na swala wawili wakubwa wa miombo, korongo na palahala. Palahala hatukumpata. Korongo watatu walivuka barabara, masikio yao marefu yakianguka pembeni, na Mzee akawachora kwenye daftari lake.

Alipokuwa akichora alisema jambo lililonikaa hadi jioni. Alisema kwamba vilima vya Kanha huchangia maji ya mito ya Banjar na Halon, ambayo huishia katika mto Narmada, na kwamba kwao watu huzoea kusema kuwa kumlinda chui milia ni kulinda chemchemi. Kwetu hali ni kinyume: mto hutufikia ukiwa umekwisha kutumiwa na wengi. Maji ya Ruaha Mkuu hutoka kwenye nyanda za juu za kusini, hushuka hadi tambarare ya Usangu wilayani Mbarali, huingia ardhi oevu ya Ihefu, na hutoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto wote wa hifadhini husimama. Mwaka 2008 eneo la Usangu lilijumuishwa katika hifadhi, ambayo hapo ilizidi kilomita za mraba 20,000, na Ihefu ikapata ulinzi. Lakini maji ya mito inayoijaza bado hupita kwanza katika mifereji ya mashamba ya mpunga.

Tulitoka langoni kabla ya saa 12:00 jioni. Nililiosha gari, nikajaza daftari la kazi (simba, mahali, idadi, hali ya madimbwi), nikaungana na wageni mezani saa 1:30 usiku. Palikuwa na wali, na Mama, ambaye ametoka nchi ya mpunga, aliusifu na kuuliza unatoka wapi. Unatoka Mbarali.

Sikuona sababu ya kuficha, wala sikutaka awaone wakulima kuwa maadui. Mchele ule unalisha miji yetu na kusomesha watoto wa watu wengi, na mimi mwenyewe huununua. Ninachokipinga ni mifereji inayochukua maji kiangazi wakati hakuna mpunga shambani, na maji yanayopotea njiani bila kumfikia mkulima wala kurudi mtoni. Banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, linaloweza kufungwa mavuno yakiisha, na mfereji wa kurudisha maji mtoni, havimnyang'anyi mtu chakula. Chini ya hifadhi mto huo huo huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na hatimaye Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere, kwa hiyo hata taa iliyokuwa juu ya meza yetu ilikuwa na hisa katika maji hayo.

Keshokutwa wageni wangu wanakwenda Mbeya kwa barabara kuu, ambayo huivuka mito hiyo inaposhuka kutoka milimani, kabla mifereji mingi haijaigawa. Mzee alitaka kusimama kwenye kila daraja na kutazama maji yaliyopo. Nikamwandikia majina kwa mpangilio atakaoukuta: Mbarali pale Igawa, kisha Kimani, kisha Chimala.